Jino la Panya: Historia ya Wanyama Wadogo katika Nchi za Mbulu na Hanang

Watu wengi wakitajiwa historia hukumbuka wafalme, vita, misafara na mikataba. Wakitajiwa historia iliyo kongwe zaidi, ile ya ardhi na viumbe vyake, hukumbuka tembo na vifaru, na mafuvu ya watu wa kale. Wachache mno humkumbuka panya. Panya ni mwizi wa ghala, mharibifu wa shamba, mgeni asiyealikwa katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Nani atamdhania kuwa ni shahidi wa historia? Hata hivyo, katika mahakama ya elimu shahidi hupimwa kwa ukweli wa ushahidi wake, si kwa ukubwa wa mwili wake. Katika nchi zinazozunguka nyanda za Mbulu na Mlima Hanang, ushahidi wa wanyama wadogo umekuwa mrefu, na mara nyingine umesema mambo ambayo mifupa ya tembo haikuweza kuyasema.

Nyanda za Mbulu zimeinuka ukingoni mwa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki ardhi huporomoka kuelekea Ziwa Manyara. Upande wa magharibi huteremka kuelekea Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi. Kusini husimama Mlima Hanang, wenye kimo cha mita zipatazo 3,420, na miguuni pake mji wa Katesh. Wairaqw hulima katika nyanda hizo, Wadatoga huchunga ng'ombe pande za Hanang, na Wahadzabe wangali wakiwinda na kuchuma katika pori la Yaeda na Eyasi. Leo Mbulu na Hanang zimo katika Mkoa wa Manyara, uliozaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa Mkoa wa Arusha. Zamani Wilaya ya Mbulu ilikuwa kubwa kuliko sasa, ikashika Karatu na Mangola mpaka mwambao wa Eyasi. Mipaka ya wilaya ni kazi ya makarani. Panya na bundi hawaijui. Kwa hiyo atakaye kusoma historia ya wanyama wadogo wa Mbulu na Hanang hana budi kutupa macho pande zote za mipaka hiyo, kwani kurasa za kitabu hiki zimetawanyika katika mawe ya majirani.

Ukurasa mkongwe kabisa uko Mahenge, katika Mkoa wa Singida, kusini-magharibi ya Hanang. Nayo si Mahenge ile ya Ulanga. Hapo palikuwa na kreta iliyopasuliwa na moto wa chini ya ardhi, ikajaa maji ikawa ziwa dogo lenye utulivu. Yapata miaka milioni 46 iliyopita samaki, vyura na majani ya miti vilizama katika tope laini la ziwa hilo, vikafunikwa, vikahifadhiwa. Pamoja navyo alizama popo mmoja. Mwaka 2003 wataalamu, Watanzania wakiwa miongoni mwao, walimtangaza popo huyo kwa jina la Tanzanycteris mannardi, wakasema kuwa ni mnyonyeshaji mkongwe kuliko wote wa kundi la wenye kondo waliopata kujulikana kusini mwa Sahara. Sehemu ya sikio lake la ndani ilikuwa kubwa, dalili ya kwamba alikuwa amekwisha kujua kuwinda gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Historia ya wanyonyeshaji wa pande hizi, basi, haifunguliwi na simba wala tembo. Yafunguliwa na kiumbe kiwezacho kulala katika kiganja cha mtoto.

Baada ya hapo kurasa nyingi zimechanika. Ukurasa mmoja uliosalimika uko mbali, katika Bonde la Rukwa, Mkoa wa Mbeya, katika mawe ya miaka milioni 25 iliyopita. Huko kulipatikana mguguna mmoja wa ukoo wa ndezi, na mwaka 2009 akapewa jina la Kahawamys mbeyaensis, yaani panya wa kahawa wa Mbeya. Ndezi tumjuaye leo, yule mla mabua ya miwa na majani magumu, ni masalio ya ukoo uliotawala Afrika kabla panya wa kawaida hawajafika. Ndiyo, panya wa kawaida ni wageni. Asili yao ni Asia ya kusini, ambako mabaki yao ya kale yamepatikana katika vilima vya Pakistani. Na inakadiriwa kuwa waliingia Afrika yapata miaka milioni 10 iliyopita. Yule ambaye mkulima wa Mbulu humwona kuwa ni mwenyeji wa tangu na tangu ni mhamiaji, naye ameishi humu muda mrefu kuliko mwanadamu.

Msomaji aweza kuuliza: mifupa midogo kama sindano yawezaje kudumu mamilioni ya miaka, hali mifupa ya ng'ombe aliyekufa mwaka jana imekwisha kuliwa na fisi na jua? Jibu la swali hili lamhusu ndege ambaye watu wengi wa pwani na bara humchukia: bundi. Bundi humeza panya mzima mzima. Tumbo lake huyeyusha nyama, lakini manyoya na mifupa hufungamana kuwa bonge, naye hulitapika chini ya pango au mti alalapo. Usiku kwa usiku, mwaka kwa mwaka, mabonge hayo huwa lundo. Majivu ya volkano au tope likilifunika lundo hilo, linakuwa hazina. Mwingereza Peter Andrews alitunga kitabu kizima mwaka 1990 juu ya bundi, mapango na mabaki ya kale, akionyesha jinsi alama za asidi ya tumbo juu ya meno ziwezavyo kumtambulisha mlaji. Jambo hili lina maana kubwa. Kila mwindaji ana windo alipendalo, na asiyejua kuwa mifupa ilikusanywa na bundi, au paka mwitu, au mbweha, aweza kudhani kuwa ameona nchi nzima, kumbe ameona sahani ya mlaji mmoja tu. Bundi, ambaye mlio wake huhesabiwa kuwa ni habari ya msiba, amekuwa mtunza nyaraka mwaminifu kuliko wengi.

Kaskazini ya Ziwa Eyasi kuna Laetoli. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alitembea sana pande hizi. Mwaka 1935 alipata vipande vya fuvu la mtu wa kale mwambao wa Eyasi, akachimba pia katika pango la Mumba huko Mangola. Na mwishoni mwa miaka hiyo akakusanya mifupa mingi Laetoli, mahali alipopaita Garusi. Mifupa hiyo ilisafirishwa Ujerumani, na katika miaka ya 1941 na 1942, vita vikivuma, mtaalamu W. O. Dietrich akaichapisha huko. Miongoni mwake alikuwamo sungura wa kale, akamwita Serengetilagus praecapensis. Na fuko asiye na manyoya, akamwita Heterocephalus quenstedti. Baadaye, katika miaka ya 1970, Mary Leakey aliongoza uchimbaji mpya mahali hapo, na nyayo za binadamu wa kale zilizoonekana mwaka 1978 zikaipatia Laetoli sifa dunia nzima.

Sifa hiyo ni haki yake. Lakini majivu yaliyopokea nyayo za wale watembeao kwa miguu miwili, yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, yalipokea nyayo za viumbe wengine maelfu kwa maelfu, na nyingi sana katika hizo ni za wanyama wadogo wa jinsi ya sungura. Watu wale walipita mara moja; sungura walikuwa nyumbani. Alikuwapo kamendegere pia, mrukaji wa usiku ambaye jamaa zake wangali wakiruka katika mbuga za Serengeti hata leo. Ama fuko asiye na manyoya, habari yake ni tofauti. Leo jamii yake huishi Kenya, Uhabeshi na Usomali. Zamani za Laetoli alikuwa akichimba ardhi ya Tanzania. Kutoka katika meno machache ya mnyama asiyependeza machoni twajua ya kuwa nchi ya mnyama ni jambo la wakati, lipanukalo na kupungua kwa kadiri ya mvua na ukame.

Olduvai, ambayo iko kaskazini zaidi, imetoa ushahidi wa wazi kupita huo. Watu wengi huijua kwa fuvu alilolipata Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Mawe yaliyolizunguka fuvu hilo yalijaa pia meno ya panya, na Mfaransa Jean-Jacques Jaeger aliyachunguza, akachapisha matokeo yake mwaka 1976. Baada yake Christiane Denys na wenzake waliendeleza kazi hiyo. Njia yao ni nyepesi kuieleza, ngumu kuitenda: udongo huoshwa katika chekecheke lenye matundu madogo, mabaki hukaushwa, kisha jino moja moja huokotwa na kuwekwa chini ya hadubini. Kila jamii ya panya ina makao yake. Wako wapendao vichaka na miti, wako wa majani mabichi ya kando ya maji, na wako wa nchi kavu yenye mchanga. Wakihesabiwa katika kila tabaka, kutoka chini kwenda juu, hali ya nchi hujitokeza. Katika tabaka la kwanza la Olduvai, lenye umri wa miaka milioni 1.8 na kidogo zaidi, panya wa chini waonyesha nchi yenye miti na unyevu. Wale wa juu waonyesha nchi iliyokauka na kuwa wazi. Tembo huvuka misitu na mbuga pia, kwa hiyo mfupa wake hausemi mengi juu ya mahali ulipolala. Panya huzaliwa, huishi na kufa katika eneo dogo. Akisema kuwa palikuwa na majani mabichi, asadikiwe.

Katika nchi za kaskazini mwa dunia kazi kama hiyo hufanywa na mnyama asiyepatikana hapa, naye ni voli. Voli ni mguguna mnene, mwenye mkia mfupi na masikio yaliyozama katika manyoya, wa ukoo mmoja na hamsta. Ukoo wake ulianza yapata miaka milioni 5 au 6 iliyopita, ukaenea Ulaya na Asia, ukavuka penye daraja la ardhi la Bering ukaingia Amerika. Leo una jamii zaidi ya 150. Siri ya kufaulu kwake ni meno. Majani ya nyasi yana chembe ngumu kama mchanga, nayo husaga meno ya mlaji. Mababu wa voli walikuwa na magego mafupi yenye mizizi. Kizazi kwa kizazi magego yakarefuka, yakapata pembe tatu nyingi zilizopangana kama meno ya msumeno, na mwishowe kwa wengi wao mizizi ikatoweka na gego likawa likikua maisha yote. Huko Uingereza voli wa maji wa zamani, Mimomys savini, ana mizizi. Mrithi wake, Arvicola, hana. Mahali pa kale penye Mimomys hukatwa kuwa pakongwe kuliko penye Arvicola. Hivyo ndivyo mahali pa watu wa kale kama Boxgrove, penye umri wa miaka ipatayo 500,000, palivyosaidiwa kupata tarehe. Wataalamu huiita njia hii saa ya voli, na saa hiyo yategemea kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Mbona voli hakufika Mbulu? Alifika mlangoni mwa Afrika: katika Libya, pande za Cyrenaica, yuko voli hata leo, na mabaki ya jamaa zake yamepatikana Moroko. Zaidi ya hapo hakupita. Jangwa la Sahara lilikuwa mbele yake, naye ni mnyama wa majani na ubaridi. Lakini nyasi zilienea Afrika ya mashariki kama zilivyoenea kaskazini, na kazi ya kula majani magumu ilikuwapo ikimngoja mfanyakazi. Mfanyakazi akapatikana humu humu. Huyo ni Otomys, panya mnene mwenye manyoya marefu na mkia mfupi kiasi, akaaye penye majani mengi na unyevu katika milima ya kaskazini mwa Tanzania na sehemu nyingine nyingi za Afrika. Mtu aliyewahi kumwona voli, akimwona Otomys, aweza kuapa kuwa ni ndugu. Gego lake limekuwa safu ya mabamba yaliyosimama bega kwa bega kama kurasa za kitabu, na lile la mwisho la juu limekuwa kubwa kuliko mengine yote.

Undugu huo hata hivyo ni wa kazi, si wa damu. Kwa muda mrefu wataalamu walisita kumpangia Otomys mahali pake. Ndipo mwaka 1976 T. N. Pocock alipotangaza mabaki kutoka Langebaanweg, Afrika ya Kusini, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 5. Mnyama huyo, Euryotomys, alikuwa katikati ya njia: vifundo vya meno ya panya wa kawaida vilikuwa vimeanza kuungana kuwa mabamba. Baadaye uchunguzi wa viini vya urithi ulikubali kuwa Otomys ni panya wa kawaida aliyebadilika. Wa kale kuliko wote waliojulikana katika Afrika ya Mashariki walitoka katika tabaka la kwanza la Olduvai, na Denys aliwaandika mwaka 1989. Basi voli alitoka kwa babu mmoja, Otomys kwa babu mwingine. Wakapita njia mbili, wakafika mlango mmoja, kwa sababu nyasi ziliwauliza swali lile lile. Atakaye mfano wa jinsi mahitaji yaumbavyo viumbe, na aweke meno hayo mawili pamoja mezani.

Hapa ndipo Mlima Hanang uingiapo katika hadithi. Wapimaji wa miamba wameukadiria umri wa volkano hii kuwa yapata miaka milioni 1, au 1 na nusu. Maana yake ni kwamba Otomys wa Olduvai ni mkongwe kuliko mlima wenyewe. Mlima ulipoinuka na kupoa, ukavaa msitu, na msitu huo ukazungukwa na nchi kavu kama kisiwa kizungukwavyo na bahari. Wanyama wadogo waliopanda humo wakabaki peke yao. Mwaka 2007 wataalamu wa Ubelgiji na wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wengine walitangaza jamii mpya kadhaa za panya wenye manyoya magumu kama brashi. Mmoja alitoka Hanang, akaitwa Lophuromys makundii kwa heshima ya mtaalamu wa Kitanzania, Rhodes Makundi. Mnyama huyu hana mlima mwingine wa kukimbilia. Msitu wa Hanang ukikatwa, mvuvumko wa miaka elfu nyingi hukoma kwa siku chache, na hapana saa itakayoweza kuurudisha. Wakazi wa Katesh walikwisha kuonja nguvu za mlima wao mwezi wa Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe yalipoua watu wengi. Mlima usio na utulivu wahitaji miti yake, na miti hiyo ndiyo nyumba ya panya yule.

Yupo atakayesema: haya ni mambo ya wenye nafasi, mkulima ana faida gani na jino la panya? Ajibiwe kwa neno moja: tauni. Ugonjwa huo, ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, huishi katika wagugu­na wa mwituni na viroboto wao. Panya wakifa, viroboto hutafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu huwa ya mtu. Lushoto iliteseka tangu 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini. Maelfu waliugua na mamia wakafa. Karatu ilipata kuguswa katika miaka ya 1970, na mwaka 2007 tauni ikazuka katika Wilaya ya Mbulu. Watu wa afya walipokwenda kutega mitego, swali la kwanza lilikuwa lile lile la Jaeger mbele ya meno ya Olduvai: huyu ni panya gani, na makao yake ni wapi? Panya wa nyumbani, panya wa shamba na panya wa msituni hawachukui viroboto wa namna moja, wala hawafiki mlangoni pa mtu kwa njia moja. Asiyeweza kuwatenganisha hupiga vita gizani.

Ndiyo sababu majina yana thamani. Kiswahili kina akiba njema: buku, ndezi, fuko, kamendegere, nungu, kindi, na kirukanjia, ambaye watu humhesabu kuwa panya ingawa ni wa ukoo mwingine kabisa. Lakini baada ya hao, neno panya limebebeshwa mzigo wa jamii nyingi mno. Voli hana jina la asili katika Kiswahili, na hilo si aibu. Lugha haimpi jina mnyama ambaye wenye lugha hawakumwona, na pengo hilo lenyewe ni kumbukumbu ya Sahara. Aibu ingekuwa kwa Otomys, ambaye yuko milimani mwetu naye hana jina linalojulikana na wasomi wa Kiswahili. Wachungaji, wakulima na wawindaji wa Mbulu na Hanang huwaona wanyama hawa kila siku na kuwataja kwa lugha zao. Kiiraqw, Kidatoga na Kihadza ni maktaba tatu za nasaba tatu mbalimbali, na wazee wanaozisoma wanapungua kila mwaka.

Mifupa iliyochukuliwa Ujerumani kabla ya vita ilipata majina ya Kilatini kutoka kwa mtu aliyekaa mbali na mahali ilipookotwa. Kazi hiyo ilikuwa ya haki na imedumu. Lakini elimu iliyokamilika hukutanisha majina mawili: lile linalomweleza mnyama kwa dunia nzima, na lile linalomweleza kwa yule anayelala naye nyumba moja. La kwanza limekwisha kuandikwa kwa wengi wao. La pili lingali midomoni mwa watu, na mdomo, tofauti na jino, haugeuki jiwe.